Upara wa Mapunye

Enzi zetu kule Karungu, mtoto ambaye hajawahi kupata mapunye alikuwa hana marafiki. Tuliazimana kofia, kitana, hata wembe, na yale mabaka ya duara tukayaita mashilingi. Wazazi walitupaka mafuta ya taa, unga wa betri kuukuu, utomvu wa papai. Sisi tukalia, mapunye yakanenepa. Mtoto wa siku hizi shampuu ikimwingia jichoni tu, nyumba haikaliki!

Yangu yaliposhinda dawa zote hizo, nesi wa zahanati alimpa mama vidonge vya kumeza baada ya chakula chenye mafuta, akasema na nywele zinyolewe. Mama akaninyoa upara. Dani, yaani nyanya yangu, hakufurahi hata kidogo. "Unamnyoa mtoto na baba yake yuko ziwani?" Kwetu mtoto hunyolewa hivyo akifiwa na mzazi. Na baba alikuwa amekwenda kisiwa cha Takawiri kuvua omena, wale dagaa wa ziwani, ziwa likachafuka, hajarudi.

Nikatumwa dukani kuleta chumvi. Watu waligeuka kuniangalia kichwa nilipopita. Mama mmoja jirani alinishika kichwa polepole, akauliza, "Baba amerudi?"

"Bado."

Akanitolea macho, akaenda zake.

Kurudi, nikasikia, "Uwi! Uwi!" Wanawake walikuwa wakiingia kwetu mbio, mikono kichwani, wakiliita jina la baba. Mama alikuwa akimshika huyu na yule: "Mmesikia wapi? Nani amewaambia?" Wakazidi kulia, maana kila mmoja alidhani sisi ndio tunaojua. Walinikumbatia na upara wangu, na haki ya Mungu, niliamini baba amekufa.

Ghafla kilio kikakatika. Baba alikuwa nje ya ua, gunia la omena begani, amesimama tu. Alikuwa pale kitambo, akisikia jinsi anavyoliliwa.

"Niliogopa kuingia," alisema. "Sikujua kama mtaniona."

Hakuna aliyethubutu kumsalimu. Dani ndiye aliyemwendea, akamfinya mkono mpaka baba akapiga kelele, na hapo mama akaanza kulia.

Mapunye yalipona. Leo vijana wananyoa upara kwa mtindo na hakuna anayewauliza kitu. Baba alipofariki kweli, habari ilinikuta Nairobi, kwenye simu, katika grupu ya familia. Pole zikamiminika na vipicha vya mishumaa. Nikaketi kitandani nikingoja mtu aje mbio akiliita jina lake. Nilisikia televisheni ya jirani tu. Basi nikalia peke yangu, mto mdomoni, nisiwasumbue watu.