Mabano ya Ukurasa wa Pili

Kiwandani tulimwita Bi Nukta. Alilijua jina hilo na hakujali. Alikuwa msahihishaji wa prufu katika kiwanda chetu cha uchapaji, miaka ishirini na sita kwenye meza ile ile, chini ya dirisha lile lile lisilofunguka. Kitu kikishachapwa kwa majaribio, kabla mashine kubwa haijawashwa, kilipita kwake. Asipotia sahihi pembeni, hakichapwi. Meneja angepiga kelele, mteja angelia machozi, na mashine ingekaa kimya vile vile.

Mimi nilikuwa msomaji wake. Kazi yetu hufanywa na watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti nakala ya mteja, mwenzake anafuata kwenye prufu kwa kalamu. Nilimsomea miaka kumi na moja, na niseme mapema kwamba alinichosha. Nikipiga miayo, aliniambia nirudie mstari. Nikimtania, alicheka kwanza, kisha akaniambia nirudie mstari.

Msimu mgumu ulikuwa wa ripoti za mwaka za makampuni. Ripoti hizo ni siri mpaka siku ya kutangazwa, kwa sababu atakayezijua mapema anaweza kununua au kuuza hisa huku wenzake wamelala. Basi tulikula kiapo kwa maandishi, simu zetu zikafungiwa kwenye droo ya meneja, na tukasoma mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo. Lakini ukweli ni kwamba kiapo hakikutusumbua, maana hatukuwa tukielewa tunachokisoma. Tarakimu tulizisoma kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, moja moja. Ndivyo tulivyofundishwa. Ukisoma "elfu nne mia tatu," akili hutangulia macho na kuona inachokitarajia. Ukisoma kinyume, unaona kilichoandikwa tu. Kwa hiyo nilisoma utajiri na ufukara wa makampuni mazima kama mtu anayehesabu matofali, na mabano niliyataja kama ninavyotaja nukta na mkato: fungua mabano, sita, nane, tatu, nne, funga mabano.

Jumatatu ile tulikuwa na ripoti ya kampuni ya saruji. Kurasa mia moja na kumi za kung'aa, na picha ya mkurugenzi amevaa kofia ngumu kana kwamba amewahi kubeba mfuko hata mmoja. Saa tisa alasiri tukafika ukurasa wa sabini na nne, kwenye hesabu zilizokaguliwa. Nikasoma: fungua mabano, sita, nane, tatu, nne, funga mabano. Kalamu ya Bi Nukta ikasimama.

"Huyu nimemwona asubuhi," alisema. "Na hakuwa amevaa hivi."

Alizungumza juu ya tarakimu kama watu wanavyozungumza juu ya majirani. Alifunua nyuma mpaka ukurasa wa pili, wenye kichwa "Mwaka Wetu kwa Ufupi," wenye michoro ya rangi na mistari inayopanda kilima. Hapo palikuwa na zile zile 4,386, kwa mamilioni: fedha zilizotokana na biashara. Bila mabano.

Sasa, mabano kwenye hesabu si pambo. Tarakimu ikivaa mabano, maana yake fedha zimetoka, hazikuingia. Ukurasa wa sabini na nne ulisema kampuni imeziteketeza. Ukurasa wa pili ulisema imezipata. Wakubwa, wenye kuajiri vijana wa kusoma ripoti nzima, wangeujua ukweli kabla chai haijapoa. Wadogo wangesoma ukurasa wa pili, maana ndio unaonakiliwa magazetini. Huko ni kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Fundi wa kupanga kurasa kasahau," nilisema. "Yaweke, tuondoke."

"Hatuweki tusichoambiwa. Tunauliza." Akaandika pembeni kwa wino wa kijani: *Mabano? Linganisha na uk. 74.*

Jumanne asubuhi jibu la kampuni likarudi, kwa kalamu nene: *Iachwe ilivyo.*

Kwa taratibu za kazi yetu, hapo mambo yameisha. Mteja akisema iachwe, unatia sahihi, dhambi ni yake. Ripoti ilitakiwa ichapwe jioni ile na kutangazwa kesho yake. Nilimsogezea Bi Nukta karatasi. Akaiangalia, akafunga kalamu, akasema twende tukanywe chai. Saa sita haijafika, na yeye hakuwa mtu wa kuiacha meza kabla ya hapo! Nikajua pana jambo.

Getini tukamkuta mdogo wake.

Huyu tulimwita Mwalimu, na alikuwa mwalimu kweli mpaka alipostaafu mwaka uliotangulia. Mama yao aliwafia mapema, na Bi Nukta ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa kazi za ziada pale pale kiwandani. Kiinua mgongo chake chote Mwalimu alikinunulia hisa za kampuni ile ya saruji, kwa ushauri wa dalali mmoja wa hisa mwenye tai nyingi kuliko haya. Na sasa nyumba aliyopanga kwa miaka kumi na tisa, aliyoishi na marehemu mkewe, ilikuwa inauzwa. Mwenye nyumba alimpa yeye nafasi ya kwanza, hadi mwisho wa mwezi. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Tulikaa watatu kwenye meza moja ndogo ya kibanda cha chai, magoti yakigongana.

"Dada, sikuombi siri," Mwalimu alianza. "Kazi yako naijua. Nataka kitu kimoja tu. Niuze leo, au ningoje ripoti itoke?"

"Dalali wako anasemaje?"

"Anasema ikitoka nzuri, bei itaruka. Leo hisa ni hamsini na nane. Nikiuza leo napungukiwa kidogo, nitahangaika lakini sitakosa wa kunishika mkono. Ikifika sitini na tano, nimenunua nyumba na mapazia juu."

Nilitazama meza, nikatazama nzi, nikatazama kila kitu isipokuwa uso wa mtu. Kwa sababu nilijua. Ukurasa wa pili ukitoka bila mabano, bei ingepanda siku mbili tatu kwa imani ya watu kama yeye, naye angeuza huko juu. Mabano yakiwekwa, bei ingeporomoka, naye pamoja nayo. Kati ya Mwalimu na nyumba yake palikuwa na sahihi moja ya dada yake, na hakujua.

"Mimi hesabu sizijui," Bi Nukta alisema. "Najua tu kama zimeandikwa sawasawa."

"Na hizi zimeandikwa sawasawa?" aliuliza Mwalimu akicheka, kwa utani.

Bi Nukta alitia sukari mara ya pili kwenye chai aliyokwisha kuitia. "Kunywa, mdogo wangu. Inapoa."

Mwalimu akaondoka anatabasamu. Alidhani ameambiwa angoje.

Njiani kurudi nilishindwa kujizuia. "Tia sahihi, basi! Umeuliza, umejibiwa. Nani atakulaumu?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Akiuza, kuna mtu atanunua," alisema. "Labda naye ni mwalimu. Labda naye ana dada."

"Huyo mtu humjui!"

"Simjui, ndiyo." Na akatembea mbele yangu, mkoba kwapani.

Hakutia sahihi mchana ule wala jioni. Meneja alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na mashine ikalala kimya. Jumatano asubuhi akaja mtu wa fedha wa kampuni ya saruji mwenyewe, viatu vinalia, manukato yamemtangulia mlangoni.

"Mama, ukurasa wa pili haukaguliwi. Ni wetu," alisema kwa upole wa kulazimisha. "Ukweli upo ukurasa wa sabini na nne. Hatujaficha kitu."

"Kama hamjaficha, kuuweka na wa pili kunawauma nini?"

"Si kazi yako kuamua."

"Ni kweli. Chapeni bila sahihi yangu. Ila mwandike kwamba nimekataa, na sababu."

Meneja aligeuka rangi. Mkataba ulikuwa wazi: kinachochapwa bila sahihi ya msahihishaji ni mzigo wa kiwanda. Alimtazama Bi Nukta, akamtazama mteja. "Nitakufukuza leo hii," alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayeomba.

Bi Nukta alifunga kalamu yake, akailaza juu ya prufu.

Yule mtu wa fedha alitoka nje. Yeye simu yake haikufungiwa drooni, yeye ni mteja. Alisimama chini ya dirisha letu dakika ishirini, akizungumza na mtu huyu na yule, ametugeuzia mgongo. Aliporudi alikuwa mtulivu mno. "Yawekeni," alisema. "Tutatangaza kesho."

Niligonga meza kwa furaha. Tumeshinda! Nilitaka hata kumkumbatia yule mwanamke mgumu. Fundi akaweka mabano, Bi Nukta akatia sahihi, na tukatoka kupunga upepo getini, ambako mlinzi alikuwa anasikiliza redio. Baada ya habari za saa saba wakasoma bei za hisa. Saruji, hamsini na moja.

Jana ilikuwa hamsini na nane. Ripoti haijatoka. Gazetini hakuna neno. Tulitazamana.

"Nani anauza?" Bi Nukta alinong'ona.

Lakini alijua, na mimi nilijua. Siku ile moja tuliyochelewesha ripoti kwa ajili ya ukweli, walioujua tayari walikuwa wanaitumia kutoka mlangoni kimya kimya, na kina Mwalimu wengine wakinunua hisa zao kwa kudhani wamepata za bei poa.

"Mpigie mdogo wako," nilimwambia. "Sasa hivi. Dakika moja. Wao wanauza, yeye asiuze kwa nini?"

Akarudi ndani haraka, mpaka kwenye mlango wa meneja, simu zetu zilipokuwa. Akainua mkono kubisha. Nilimwona ameushikilia hewani, vidole vimekunjwa, na mimi moyoni nabisha kwa niaba yake. Gonga, gonga, gonga. Kisha akaushusha.

"Njoo," aliniambia. "Jalada hatujalisoma."

Nilisoma kwa hasira, karibu kwa kupayuka. Yeye alifuata kwa kalamu. Katika mistari sita ya jalada yalimpita makosa mawili, na katika miaka kumi na moja sikuwahi kumwona akipitwa na hata moja.

Alhamisi ripoti ikatoka, mabano mahali pake kurasa zote mbili. Bei thelathini na tisa. Ijumaa, thelathini. Jumatano iliyofuata, ishirini na mbili. Dalali mwenye tai hakupokea tena simu. Nyumba akainunua mtu mwingine.

Mwalimu alikuja getini mara moja tu, siku ya mwisho wa mwezi. Hakukaa.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Jumanne. Tumekaa pale."

"Ndiyo."

"Ungenigusa mguu tu, dada. Chini ya meza. Sikutaka neno, mguu tu."

Akageuka, akavuka barabara. Kuna siku naona Bi Nukta alitenda haki kuliko sisi sote, na kuna siku nataka kumtikisa mabega mpaka meno yagongane.

Kampuni ya saruji ilihamishia kazi zake kwingine. Meneja hakumfukuza, ila alimpokonya ripoti zote, na sasa Bi Nukta anasahihisha kalenda na vitabu vya risiti. Mwalimu, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda, alihamia kwake na masanduku manne. Dada akampa chumba. Yeye analala sebuleni, kwenye kochi.

Juzi nilipita kwao asubuhi kumchukua. Mlango wa chumba ukafunguka, Mwalimu akatoka, kaoga, kachana nywele. Mimi akanisalimu vizuri. Dada yake aliyemlea, aliyemsomesha, akampita kama anavyopita kiti, bila shikamoo, akaelekea mlangoni.

Bi Nukta alikuwa anakunja shuka lake.

"Marahaba," alimwitikia mgongoni, kama anavyomwitikia kila asubuhi, mwezi wa saba sasa.