Ruhusa ya Kumkatia Bibi Mpira

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Mama alizoea kusema nilizaliwa na pilipili mdomoni. Lakini siku ile wageni walipokuja kucheza nasi mpira wa pete, nilikuwa mpole hadi nikajichukia.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa upande wa Msowero, na shule yetu ilikuwa na urafiki na shule moja ya ng'ambo. Wanafunzi wa huko walioka keki wakauza, fedha zikanunua mipira, raba na nguzo mbili za magoli. Vitu vikaja kwa treni mpaka Kilosa, tukavifuata kwa baiskeli za walimu. Ila msaada huo ulikuwa wa mwaka mmoja tu, wa kujaribu. Wageni wangekuja wenyewe kututazama, halafu waamue kama waendelee na wasichana au kila kitu kiende kwenye kandanda ya wavulana. Mwenyekiti wa kijiji naye alikuwa ameshatamka: wageni wakituacha, jioni turudi kupalilia pamba na wenzetu. Kupalilia sikuchukii. Lakini shambani nilikuwa mtoto wa fulani, dada wa fulani. Uwanjani nilikuwa mimi.

Wageni walilala Mikumi kutazama wanyama, wakafika kwetu asubuhi wamejaa vumbi. Msichana wao mmoja tumbo lilikuwa linamsokota, timu ikapungua. Basi mwalimu mkuu wao, mama mwenye mvi kichwa kizima, akafunga kamba za raba akaingia yeye. Looo! Tukatazamana.

Kila mpira ulipofika kwake, sisi wote saba tulisimama. Nani angeruka mbele ya mtu mzima? Nyumbani, kupita tu mbele ya bibi yangu ilibidi uiname uombe ruhusa. Mpira ulipomponyoka yule mama, mwenzetu mmoja aliuokota, akapiga goti, akamrudishia kwa mikono miwili. Mwingine alipogongana naye alimwamkia palepale, "Shikamoo," huku mpira unapita juu ya kichwa chake. Akina mama waliokuwa pembeni waliridhika kweli: watoto wamefunzwa hawa. Na sisi tukafungwa, tukafungwa, tukafungwa.

Wakati wa mapumziko mwalimu wetu wa michezo, binti aliyekuwa ametoka chuoni juzijuzi, alitujia uso umemshuka. Alikuwa amewasikia wageni wakizungumza Kiingereza.

"Wanasema hamna moyo wa mchezo. Wanaona bora wawape wavulana."

Damu ilinichemka. "Hatuna moyo? Mwalimu, sisi tuna adabu!"

"Mimi najua. Wao hawajui."

"Basi waambiwe!"

Akanitazama kidogo. "Haya, kamwambie wewe. Mimi nitatafsiri."

Kiherehere changu kikaniponza. Nilivuka uwanja, nikapiga goti mbele ya yule mama.

"Shikamoo, bibi."

Mwalimu akamnong'oneza la kujibu. "Marahaba," akasema kwa taabu.

"Naomba ruhusa niruke mbele yako, nikukatie mpira. Nikikuumiza, nisamehe mapema kabisa."

Tafsiri ilichukua muda. Niliona macho yake yakitoka kwangu, yakaenda kwa wenzangu, yakaenda kwa akina mama pembeni. Hakucheka. Aliuliza kama ndiyo sababu tulikuwa tunasimama. Nikasema ndiyo. Akafumba macho kidogo, kisha akaniwekea mkono begani.

"Anasema ruhusa ametoa, kwa wote," mwalimu akatafsiri. "Na mkimwachia tena, atakasirika."

Wee! Mpira wa kwanza niliukata hewani kabla haujamfikia. Mama yangu akapiga yowe pembeni, "Wewe mtoto!" Wa pili nikaukata. Wa tatu tukagongana kifua kwa kifua, bibi wa watu akaanguka kitako vumbini. Akina mama pembeni wakashika vichwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye, palepale chini, akaangua kicheko hadi machozi, akaninyooshea mkono nimwinue. Nilipomwinua, mama yangu ndiye aliyeanza vigelegele.

Hata hivyo tulishindwa, maana magoli ya mwanzo yalikuwa mengi mno. Mchezo ulipokwisha, yule mama alimfuata mwenyekiti, sketi bado ina vumbi, akamwambia kupitia kwa mwalimu kwamba msaada wa wasichana utaendelea mwakani na miaka inayofuata. Akauliza kama kijiji nacho kitawapa wasichana muda wa kucheza.

Mwenyekiti alikohoa. Hakuwa mtu wa kubadili neno lake hovyo. Akalitazama shamba la pamba, akatutazama sisi tulivyolowa jasho, akasema kwa sauti ya mkutanoni, kijiji kizima kisikie:

"Jioni hawa wasitafutwe shambani. Kazi yao iko hapa."

Nililia mbele za watu wote, na sikuona haya hata chembe.