Makongoro ya Siku ya Hina

Jamani, aibu niliyoipata siku ya hina yangu, hadi leo nikiona paka navuta kanga nijifunike uso. Juzi mjukuu wangu kaniletea kopo la vidonge vya asidi amino (“Bibi, meza hivi, kucha hazitakatika tena”), nikacheka mpaka machozi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwetu Nanyamba. Nilikuwa nabangua korosho na mama, mafuta ya maganda yameniunguza vidole, kucha zimepasuka zimekuwa kama magamba, na harusi ndiyo hiyo inakuja, na wifi yangu Zuhura, dada wa mchumba wangu, mwanamke wa Mtwara mjini asiyekosa hina vidoleni, keshasema hina yangu atanipaka yeye mwenyewe. Nilitamani ardhi inimeze. Muuguzi wa zahanati akaniambia kucha zinajengwa na vyakula vya kujenga mwili, nile samaki, mbaazi, makongoro, ile miguu ya ng'ombe, kisha nisubiri miezi. Miezi! Na mimi nimebakiwa na wiki.

Basi nikajiongeza (akili zangu hizo!), kama makongoro yakiliwa yanajenga kucha, yakipakwa si yatajenga upesi zaidi? Supu nikanywa, na ule utandu unaoganda sufuriani nikawa najipaka kucha za mikono na miguu, hata asubuhi ya siku yenyewe nikajipaka, nikafuta juu juu.

Nimekaa mkekani, nimefunikwa kanga, macho chini kama bibi harusi anavyotakiwa, wanawake wanaimba, wifi kanishika mkono, kila akipaka hina inateleza.

“Wifi, mbona haishiki? Na hii supu inanuka wapi?”

Kabla sijapata uongo wa kusema, paka akaingia chini ya kanga akaanza kunilamba vidole vya miguu. Niliruka na kanga yangu, “Mama weee!”, bakuli la hina likamwagika lote mapajani kwa wifi, na nyimbo zikakatika.

Nikalia, nikasema yote. Wifi hakucheka. Akanisogezea vidole vyake karibu, na chini ya ile hina nyeusi nikaona kucha zilizopasuka vilevile.

“Na mimi nimekulia kwenye korosho, mdogo wangu. Unadhani hina naipendea nini?”

Akaniosha mikono kwa limau, akakomba hina iliyogandia bakulini, ikatosha kucha tu. Niliolewa hivyohivyo, na nilipendeza.

Wifi ametangulia mbele ya haki, na nimemkumbuka sana wiki hii. Vidonge nitameza, asinune mtoto wa watu. Ila cha kuliwa nitakila, kukipaka sipaki tena mpaka naingia kaburini.