Kikuba Kisicho na Kilua

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, bibi harusi wa Mji wa Kale aliyetolewa bila kikuba cha Bi Mwanakhamis alihesabiwa kuwa ametolewa nusu. Tangu kufiwa na mumewe, mama huyu wa Bondeni alikula na kuvaa kwa maua. Alifunga vikuba, vile vifurushi vidogo vya kunukia wanavyobandika wanawake kifuani, na alikuwa na mpango wake asiouvunja: mrehani nje, asumini ndani yake, na katikati kilua, ua ambalo harufu yake haitoki nguoni upesi.

Mkilua haukubali kufugwa. Aliwahi kuupanda uani, akaumwagilia na kuubembeleza, ukafa. Ni mti wa msituni, hukaa chini ya kivuli cha miti mikubwa, na bila hiyo haupo. Basi kila msimu Kanze, mama wa Kigiriama wa ng'ambo upande wa bara, alikuwa akimletea kilua kwa kapu.

Ilipofika harusi ya Swabaha, binti wa Taib mwenye biashara ya mbao, Kanze alikuja na kapu tupu. Bi Mwanakhamis alimpandishia sauti, akidhani amewauzia wengine. Kanze alimwacha amalize, kisha akamweleza. Watu wa Taib wameingia msituni na mashoka. Miti mikubwa imekuwa mbao na boriti, midogo imekuwa mkaa, na mikilua iliyosalia imebabuka kwa jua. Nyuki wameihama mizinga ya mumewe. Mizizi aliyokuwa akiwachemshia watoto homa ikiwashika, haioni tena. Bi Mwanakhamis aliona haya kwa maneno yake, akamtaka radhi.

Alijitanda buibui, akaenda kwa Taib. Baada ya salamu ndefu alimwambia bila kuzunguka kwamba bintiye atakosa kilua, na sababu ni yeye. Taib alicheka. Alisema waridi pia ni ua, akitaka atie hilo; tena ameagiza mafuta mazuri ya kunukia kutoka Adeni, chupa nzima, akamkabidhi. Na msitu, alisema, utaota tena.

Utaota! Kana kwamba ni nywele, unanyoa leo kesho zimechipuka. Mtu anakata asichokipanda, anamaliza asichokijua hata jina, kisha anakupa chupa unyamaze. Bi Mwanakhamis alirudi nyumbani na hasira zake, na wala hakuifungua chupa ile.

Siku ya kutolewa bibi harusi, chumba kilijaa wanawake. Swabaha alikuwa amekwishapambwa, amekaa ameinamisha macho. Bi Mwanakhamis alitoa kikuba chake: mrehani nje, asumini ndani, na katikati pametobolewa pakaachwa wazi, hapana waridi wala jani. Swabaha alipapasa, akauliza kwa sauti ya chini mbona pana tundu.

Bi Mwanakhamis alimbandika kwanza. Kisha akamjibu, na chumba kizima kikasikia.

"Hapo ni mahali pa kilua, mwanangu. Na alokimaliza kilua ni babako."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mamake Swabaha alinyoosha mkono akitoe haraka. Swabaha akakifunika kwa kiganja chake cha hina, akakataa, akatolewa mbele za watu na tundu lile kifuani.