Mzee wa Kwenye Kalenda

Nilisoma hadi darasa la tatu tu, kwa hivyo mambo ya wachoraji msiniulize. Ninachokijua ni picha moja.

Mwaka wangu wa pili wa ndoa, miaka ya sitini ikielekea kwisha, mume wangu alikuwa mwalimu kule Sironga. Mwalimu mkuu akampa kalenda ya mwaka uliopita, tuzibe ukuta upepo usiingie. Kila ukurasa ulikuwa na mtu aliyechorwa kwa rangi, zamani sana, Ulaya. Wengi walikuwa matajiri wa nguo za kumetameta. Hao niliwapigilia nyuma ya kabati. Mmoja alikuwa mzee hivi hivi tu, koti limechakaa, kope nyekundu kama za mtu aliyekaa kwenye moshi. Huyo nilimweka karibu na kitanda.

Nilimtazama mpaka uji ukaungua. Mnielewe. Kwetu Gusii mke hamkazii macho baba mkwe. Aibu hiyo ya heshima tunaiita ensoni. Tangu niolewe, miguu ya baba mkwe niliijua kuliko uso wake. Huyu wa kalenda ndiye mzee wa kwanza niliyemwangalia nikashiba. Nilijiuliza mchoraji aliona nini kwake, mtu asiye na cheo. Na yeye alikaa pale siku ngapi, shamba akamwachia nani?

Mama mkwe akaja kuazima ungo, akamwona. Aliniuliza kama nina akili. Baba mkwe haruhusiwi hata kuingia kwa nyumba ya mwanawe, sembuse mzee wa rika lake kukodolea macho kitanda. Akasema ashuke leo, aingie motoni.

Mimi si mtu wa kubembeleza, lakini nilimwomba amwangalie kwanza. Akasogea, mikono nyuma, kama anayekagua ng'ombe sokoni Ikonge.

"Huyu mke wake alikufa," akasema.

"Umejuaje, mama?"

"Kola ameishona mwenyewe. Tazama hiyo mishono. Mwanamke hashoni hivyo."

Kola hiyo nilikuwa nayo mwezi mzima, sikuona mshono hata mmoja.

Alipong'oa misumari, nilijua picha imekwisha. Lakini hakumchoma. Alienda naye, akampigilia kwake, mkabala na mlango penye mwanga, nyumba ambamo mzee ana haki ya kukaa. Mimi nikaachwa na matajiri wangu. Ndipo nikaanza kumpelekea mama mkwe maji bila kutumwa, saa ambazo baba mkwe yuko malishoni. Majirani wakaisifu bidii yangu. Niliwaacha wasifu.

Asubuhi moja nilitua debe, nikamkuta mama mkwe amesimama mbele ya picha, pua karibu iguse karatasi. Hakugeuka.

"Kucha ya kidole gumba ni nyeusi," akasema. "Iligongwa na kitu. Wewe uliyekuwa naye huko, uliiona?"

Nikasema sikuiona.

"Sogea basi. Na usinizibie mwanga."