Viti vya Jirani

Asubuhi hii, nje kidogo ya soko la Rangwe, Phanice Awino amesimama mlangoni mwa nyumba ya udongo na amekataa katakata kuketi. Mbele yake kuna makochi mawili mekundu yenye vitambaa vyeupe vya kufumwa. Yamekijaza chumba hadi mwenye nyumba mwenyewe anapita ubavu ubavu.

"Madam, karibu kiti," Joash Ogola anamsihi tena.

"Baba Linet, hii viti ni ya nani?"

Joash anamtazama mkewe, Damaris. Damaris anatazama sakafu.

"Ni ya kwa kina Nyangau, hapo juu," Joash anakiri. "Sasa tungefanya aje? Mgeni akae kwa ndoo?"

Phanice, mwenye umri wa miaka 34, ni afisa wa nyanjani wa shirika dogo la ufadhili wa masomo lenye ofisi mjini Homa Bay. Kazi yake ni kuzuru nyumba za watoto walioomba kulipiwa karo, kuzungumza na wazazi, na kupiga picha ya chumba wanamoishi. Picha huenda kwa kamati ambayo haijawahi kukanyaga Rangwe. Kamati ikiona kochi, imemalizana na mtoto huyo. Katika kila waombaji hamsini, wanaobahatika ni wanne.

Na huku kwetu, nani atamkaribisha mgeni kwenye nyumba tupu? Watu huazima viti, vikombe, chupa ya chai, hata kuku wa kuchinja. Hawamdanganyi mtu, wanajisitiri tu. Halafu heshima hiyo hiyo ndiyo inayomfungia mtoto mlango wa shule. Inaudhi, jamani!

Phanice hakufundishwa haya kwenye semina. Alizaliwa Masara, kaunti ya Migori, kwenye machimbo ya dhahabu. Babake alifukiwa shimoni yeye akiwa bado mtoto wa mgongoni. Mamake akaolewa kwingine, naye akabaki mikononi mwa nyanyake, Rispa. Alipopita mtihani wa darasa la nane, shirika fulani lilituma mtu kuwatembelea.

"Dani aliazima meza, viti na saa ya ukuta," anasimulia, akimtaja nyanyake kwa Kijaluo. "Saa yenyewe haikuwa hata na betri. Lakini alifurahi, yawa! Alikuwa anapika akiimba. Yule mgeni alikula kuku akashiba, akatuaga vizuri. Hatukusikia kitu tena."

Badala ya kidato cha kwanza, Phanice aliingia machimboni. Kwa miaka mitatu alivunja mawe kwa nyundo na kuosha mchanga kwa zebaki, mikono mitupu, kwa ujira usiozidi unga wa jioni. Kidole gumba cha mkono wake wa kushoto hakikunjiki hadi leo.

Aliyemtoa huko ni Scovia, muuza samaki aina ya omena aliyesali kanisani kwao, aliyemlipia karo hadi akamaliza. Akaanza kazi shirikani akipika chai na kupiga deki, akisomea ustawi wa jamii jioni. Alipopandishwa cheo na kuona jinsi kamati inavyochambua picha, ndipo alipoelewa kilichomponza yeye mwenyewe.

"Dani alikuwa ashakufa," anasema. "Alikufa akiamini kwamba kuku alizidi chumvi."

Ndiyo maana hapa Rangwe hataki kuketi.

"Rudisheni hii viti, Baba Linet. Kila kitu cha watu kirudi."

Joash anapandwa na hasira. "Kwa hivyo unataka nivuliwe nguo mbele ya mtoto wangu?"

"Nataka Linet asome."

Linet, aliyepata nafasi ya gredi ya kumi, ameinama akichezea kifungo cha sare yake. Babake anamtazama. Kisha anapiga moyo konde, anashika kochi upande mmoja, Damaris upande wa pili, na wanapanda nalo barabarani mchana peupe, majirani wakishuhudia. Wakishalirudisha na la pili, Phanice anawapiga picha wakiwa wameketi sakafuni. Joash anakataa kutazama kamera.

Majuma machache baadaye, ofisini Homa Bay, jibu limefika: Linet amechukuliwa. Phanice anapiga simu mwenyewe. Damaris anapiga vigelegele hadi sisi tuliokaa kando tunavisikia. Kisha Joash anachukua simu.

"Asante, Madam. Mungu akubariki. Sasa hiyo picha mtaifuta lini?"

Picha ile imeshatumwa ng'ambo, na wiki ijayo itachapishwa kwenye mabango ya kuchangisha pesa. Yeye alipinga, lakini aliambiwa picha hiyo inagusa mioyo.

"Nitauliza, Baba," anamdanganya, kisha anakata simu na kufuta machozi kwa kiganja.

Sasa anapanga kufungua mfuko wake mwenyewe wa karo kule Masara, kwa watoto wa machimboni. Watakaowachagua ni walimu na kina mama wa kanisa wanaowajua. Kamera hataki hata kuiona. Pesa bado hana, ila jina la mfuko ameshalisajili.

"Nitaingia kwa watu kama mgeni," anasema. "Wakiazima kochi, nitakaa. Wakinipikia kuku, nitakula na nitawaambia ni tamu. Na mtoto wao ataenda shule."