Namfungia Kaka Volan Nzito Bila Yeye Kujua. Niseme?

Dada mmoja wa Butembo ametuomba tufiche jina lake na la nduguze. Tumelificha. Msomeni mpaka mwisho kabla ya kumrukia.

Nina miaka thelathini na sita, ni fundi wa magari hapa Vulamba, na sitaki mtu anianze na "pole dada." Nimechoka na pole. Baba alipofariki mimi nilirithi ufundi wake, kaka yangu mkubwa akarithi kiti chake, na kwetu anayekaa kwenye kile kiti ndiye mwenye neno la mwisho, hata kama hajui spana inashikwaje.

Baba alituachia pia gari, Toyota ya zamani yenye compresseur, ile mashine inayoisukumia injini hewa kwa nguvu. Milima ya huku inanyonga magari ya wengine. Lile linapanda kama linashuka. Lakini nguvu hiyo hiyo ilimaliza embrayage, klachi kama mnavyosema ninyi wa Kenya. Diski ikawa inateleza, injini inalia, gari haliendi.

Tukaagiza mpya. Huku kwetu mfanyabiashara anayekwenda Dubai anabebeshwa vyuma vikuukuu vya watu. Akifika dukani anakiweka kimoja mezani na kusema nataka kama hiki. Nilimpa jirani yetu embrayage ya zamani nikamwambia alete diski ya kawaida na plato, kile kifuniko cha kuibana diski, yenye springi kali zaidi. Volan hatubadilishi. Volan ya moteri ni ile sahani nzito ya chuma nyuma ya injini, ambayo diski inaishika. Uzito wake ndio unaoliondoa gari lililojaa watu mlimani bila kuzimika.

Katoni ilipofunguliwa nikakuta volan ya aluminiamu, nyepesi kama sinia, na diski ya mashindano, ile inayokamata yote au inaachia yote. Kumbe kaka alimtumia jirani picha kwa simu, nyuma ya mgongo wangu.

"Yaya, mukubwa wangu, hii ni ya kukimbia peke yako mu barabara ya bule, yenye haina mutu," nilimwambia. "Siye tunapita mu konvoi. Kusimama, kuondoka, kusimama, kuondoka. Mu mulima itazimika."

Alicheka mbele ya familia nzima. "Gari ya compresseur inaomba vitu ya compresseur. Miye niliona video. Weye uko mukono tu, kichwa ni miye. Funga!"

Nikamtazama Mama. Akasema, "Mwanangu, fanya vile mukubwa wako anasema."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapoungama. Sikufunga kwa utii. Nilifunga kwa chuki. Kila bolti niliikaza sawasawa, kazi safi kabisa, huku nikiomba gari limzimikie kwenye mlima wa sokoni, mama wauza viazi wamcheke mpaka achoke. Nilitaka aibu yake tu. Lakini alilijaribu kwenye tambarare, likaruka, vijana wakapiga makofi. Nami nikaingoja siku yangu.

Siku ilifika, ila si yangu. Alimbeba Mama kwenda Beni, Mama akamwone dada yake. Kwa vita hii magari yanakwenda pamoja, na wanajeshi wanasindikiza. Konvoi ilisimama kwenye mpando, kisha ikaondoka. Gari la kaka likazimika. Akawasha, likazimika. Mara ya tatu diski ikaanza kunuka, na wengine wote walikuwa wameshampita. Risasi zikatoka msituni. Moja ikampata Mama mkono wa kulia. Lori lililochelewa ndilo lililowaokota. Mama yuko hai, namshukuru Mungu, lakini mkono ule haushiki jembe wala kisu cha kumenya ndizi.

Mnajua kaka alisema nini nyumbani? "Ni yeye alifunga. Alifunga mubaya." Basi! Na wote wakaamini, kwa sababu mikono yenye grisi ilikuwa yangu. Mama hakunitukana. Alisema tu, "Mukono ya baba yako nilijua. Ya kwako sijui tena." Afadhali angenipiga.

Gari limerudi kwangu. Alhamisi Mama anarudi Beni kwa daktari aliyempasua, njia ile ile, dereva yule yule. Kaka ameleta diski nyingine ya mashindano, akaitupa miguuni pangu. "Mara hii kaza muzuri." Nilipofungua mdomo aliniambia akisikia tena neno volan, gari linakwenda kwa fundi mwingine. Na huyo fundi atafunga alichoambiwa.

Volan ya zamani ninayo. Niliificha chini ya kitanda, nikaipeleka kusawazishwa, nikanunua na diski ya kawaida. Giyaboksi ikisharudi mahali pake hakuna jicho litakaloona kilichomo.

Mama atafika. Halafu yule mwanaume atarudi, atakaa kwenye kiti cha baba, aseme, "Mumeona? Vitu yangu ilikuwa muzuri tangu mwanzo. Ni mukono yake ndiyo ilikosa." Na gari lenyewe litamtolea ushahidi. Nikisema ukweli baadaye, itabidi niutoe wote, hata ule wa chuki: kwamba nilijua litazimika, na nilimwacha Mama apande.

Msinihubirie msamaha, wala msiniambie mama ni mama. Hilo nalijua; volan nzito inaingia leo. Kuhusu mikono yangu siwaulizi kitu. Nawauliza kuhusu mdomo. Mama akirudi Ijumaa na kumshukuru kaka mbele yangu, niufanye nini?